Jibu: Jiko la kuni linarudisha moshi ndani

Salama ndugu. Nimekuelewa: jiko lako la matofali lenye bomba linarudisha moshi jikoni ukifunga mlango wa majivu, na ukiuacha wazi kuni zinateketea kabla maharage hayajaiva. La kwangu hapa Njombe lilinisumbua hivyohivyo msimu mzima wa baridi.

Anza na kuni, jiko liache kwanza. Chukua vipande viwili uvigonganishe: vikavu vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa mlio mzito. Miti yangu ya miwati naipasua nyembamba, unene wa kifundo cha mkono, halafu naipanga chini ya paa miezi sita hivi. Kuni mbichi ukizibania hewa lazima zifuke tu.

Kisha bomba. Langu nilipoligonga lilidondosha masizi karibu nusu ndoo. Njia iliyobaki ilikuwa ya kupitisha ngumi tu. Kichwa chake nacho kivuke kilele cha paa, la sivyo upepo unausukuma moshi urudi.

Hayo yakikaa sawa, washa moto mlango wa majivu ukiwa wazi kabisa mpaka moto ushike na bomba lipate joto. Hapo ndipo ubanie kidogokidogo hadi miali itulie, isipande bombani. Majivu yatoe kila asubuhi, maana hewa inaingilia chini ya wavu unaobeba kuni.

Nakusihi sana, usizibe kila kitu ukaenda kulala makaa yakiwa bado mekundu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa hayo haina harufu wala rangi.