Ukitaka kumuelezea mtu HVC, kale kasehemu ka ubongo wa ndege kanakoongoza wimbo, anza na ndege, herufi ziache mwishoni

Nyuma ya darasa ninalofundishia tuisheni hapa Tabora kuna mwembe wa zamani na humo anakaa kurumbiza, yule mwenye kifua cha rangi ya machungwa na mstari mweupe juu ya jicho. Anaanza alfajiri na giza likiingia anarudia tena, anaanza chini chini halafu anapandisha, anapandisha, mpaka kama upo karibu inabidi unyamaze umsikilize. Kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuuliza, madam huyu ndege nani kamfundisha?

Zamani nikiulizwa hivo nilikuwa naenda ubaoni naandika HVC, napigia mstari, naweka jina refu la Kilatini, H ni hii V ni hii C ni hii, watoto wanakopi. Nilifundisha hivo miaka miwili mizima kutoka kwenye fotokopi niliyoipata chuoni. Siku moja binti mmoja wa kutoka Urambo, mpole hata sauti haimtoki, akaja na simu akanionyesha, "Madam, huku wanasema zile herufi hazina kirefu." Nikamwambia nipe mpaka kesho. Nikakesha nasoma na kweli binti alikuwa sahihi, mimi ndo nilikuwa nawapotosha, na kilichoniuma sio lile jina, kilichoniuma ni kwamba walikuwa wanajua jina na hawajui kitu chenyewe kinafanya nini.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, au kijana unayetembeza wageni kuangalia ndege, au wewe unayesoma mwenyewe tu, naomba nikwambie ninavyofanya sa hivi.

Anza na chiriku wa mwaka 1976. Mtafiti Fernando Nottebohm na wenzake wawili kule New York walichukua chiriku wa kufugwa, madume yanayoimba vizuri, wakaharibu kasehemu kadogo juu kwa nyuma kwenye ubongo, ndo hiyo HVC, upande wa kulia na wa kushoto. Ndege akapona. Akasimama kwenye kijiti chake kama kawaida, akakaa mkao wa kuimba, koo likawa linacheza kabisa kama anaimba, na sauti haitoki. Nikifika hapo darasa linakuwa kimya lenyewe, sihitaji kugonga meza. Hamu ya kuimba ipo, mwili unajua kukaa, ila wimbo wenyewe haupo tena. Hapo ndo waulize, sasa kale kasehemu kalikuwa kanafanya kazi gani? Waache wabishane kidogo.

Halafu uwe makini na mfano utakaotumia. Mimi nilikuwa nasema HVC ni redio ya ndege, kumbe mtoto anaelewa kwamba sauti inatokea kichwani, wakati sauti ya ndege inatoka chini kabisa ya koo pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Sa hivi natumia mafundi wanaomwaga zege, maana kila mtoto ashaona watu wamejipanga foleni wanapokezana ndoo kutoka kwenye mchanganyiko mpaka juu ya ghorofa. Mwaka 2002 watafiti walisikiliza seli moja moja za HVC kwenye kandege kadogo ka Australia kenye mdomo mwekundu, zile seli zinazopeleka ujumbe kwenye kituo kinachofuata kinachoitwa RA, wakakuta kila seli inalipuka mara moja tu kwenye kipande kizima cha wimbo, kama milisekunde 6 hivi, halafu inanyamaza inawaachia wenzake. Yaani ndo ule mstari wa ndoo. Kila mtu anaishika ndoo mara moja, kwa zamu yake, anampa anayefuata, na ndoo inapopita ndo wimbo unavyoenda. RA ndo inapokea na kushusha amri kuelekea kwenye koo na kwenye pumzi.

Na mfano huu unabeba hata lile jaribio la 2008 ambalo mi nalipenda kuliko yote. Waliipoza HVC, wameipoza tu hawajaiharibu, na ndege akaendelea kuimba wimbo uleule, silabi zilezile kwa mpangilio uleule, ila polepole, kasi ilipungua kwa hadi asilimia 45. Walipoipoza RA kasi karibu haikubadilika. Ukiwachosha wale wanaopokezana, ndoo inafika, ila inachelewa. Mtoto akishaelewa hapo, ameshaelewa kwamba HVC inashika muda wa wimbo, nini kianze na nini kifuate, na wala hujamtajia Kilatini.

Sasa ndo uje kwenye jina. Herufi zile mwanzoni zilitokana na jina lililosema sehemu hii ipo kwenye haipastriatamu, sehemu nyingine ya ubongo wa ndege, kumbe haipo huko, ipo ndani ya sehemu inayoitwa sasa nidopaliamu, upande wake wa juu. Kosa lenyewe lina mizizi, kwasababu mwanzoni mwa karne iliyopita Mjerumani Ludwig Edinger na wengine waliamini ubongo wa ndege karibu wote ni ile sehemu ya chini ya mazoea ya kuzaliwa nayo, ndo maana majina mengi yakaishia na striatamu, jina la hiyo sehemu ya chini. Baadaye watu wakataka kuziokoa herufi wakasema basi iwe kituo cha juu cha sauti. Mwaka 2004 wataalamu walipotangaza majina mapya ya ubongo wa ndege wakakubaliana HVC liwe jina lenyewe basi, halifupishi kitu. Mi huwa nawaambia wanafunzi, mtu anaitwa Juma hata kama kazaliwa Jumanne, na akiitwa anaitika.

Kitu kingine, usiseme majike hayaimbi. Kwa yule wa Australia ni kweli jike haimbi na HVC yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya dume, ila huyu kurumbiza wetu dume na jike wanaimba kwa kupokezana, unaweza kudhani ni ndege mmoja.

Yule binti wa Urambo likizo alimuelezea babu yake, mzee wa mizinga ya nyuki, akanipigia simu ameweka spika nisikie. Nikamsalimia shikamoo, mzee akaitika marahaba, halafu akamgeukia mjukuu wake, "Haya, na jogoo je, naye ana hao wa kupokezana ndoo?" Binti akamjibu bila kusita, hapana babu, jogoo hana, kuwika hajifunzi kwa mtu, hata ukimtotolesha kwa bata akikua atawika tu, ila kurumbiza asiposikia wakubwa zake wanaimba wimbo wake hauwi sawa. Mzee akakaa kimya kidogo akasema, "Basi ndo maana wa huku hawaimbi sawa na wa kule ng'ambo ya mto."

Mimi nilikuwa sijamfundisha hiyo.