CD4 zimegoma kupanda, ninywe unga wa kuongeza kinga?

SWALI: Daktari, natumia ARV mwaka wa tano. Nilianza na CD4 (seli za kinga) 60, sasa zimegota kwenye 290, ingawa virusi havisomeki kwenye kipimo. Kuna mtu ananiuzia unga wa "kuamsha saitokini" ili CD4 zipande. Niutumie?

JIBU: Usiutumie. Virusi kutosomeka ndiyo habari kubwa kwenye majibu yako, wala si hiyo 290.

Kinachonikera, na nakutana nacho kila kukicha, ni imani kwamba kinga ni ndoo, ukiijaza umepona. Saitokini ni protini ambazo seli za kinga hutumiana kama amri, na amri hizo hupingana. Intaliyukini-7 huziweka hai seli T (kundi la seli za kinga ambamo CD4 zako zimo), intaliyukini-10 huzituliza. Seli T ikiitambua TB hutoa intaferoni-gama, ndipo makrofeji, seli zinazomeza vijidudu, hupata nguvu ya kuua bakteria iliowameza. Sasa mwuzaji wako anaamsha ipi? Mwulize.

Kwa aliyeanza dawa akiwa na CD4 chache, VVU huwa vimeshaacha makovu kwenye matezi ya limfu, mahali ambapo seli T hupata intaliyukini-7. Ndiyo sababu mojawapo ya kupanda polepole.

Na saitokini halisi ilishajaribiwa, tena kwa sindano. Katika majaribio ya ESPRIT na SILCAAT, yaliyochapishwa 2009 na kuhusisha watu zaidi ya 5,800, baadhi waliongezewa intaliyukini-2 juu ya ARV. CD4 zao zilipanda kweli. Magonjwa nyemelezi na vifo havikupungua! Namba ilipanda, ulinzi ukabaki uleule.

Kuamsha kinga ovyo kunaweza hata kuua. London, mwaka 2006, wanaume sita wenye afya njema walipewa TGN1412, dawa ya majaribio ya kuchochea seli T. Saa chache tu saitokini zikafurika mwilini, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Mwenye lupasi au baridi yabisi ndiye hasa asiguse vitu hivi, maana kinga yake tayari inamshambulia.

Halafu unga wa aina hii mara nyingi huwa na chuma, kalisi au zinki. Madini hayo hunasa tumboni dolutegravir, mojawapo ya ARV zinazofubaza virusi, ikafyonzwa kidogo. Kama umeshaanza kuutumia, peleka kopo lenyewe kliniki, upimwe tena wingi wa virusi. Na kama unatumia Septrini, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, usiiache mpaka waseme wao.