Kwa Waliojiunga na Mchakamchaka Mwezi Huu: Pumzikeni

Kila mwanzo wa mwezi kikundi chetu cha mchakamchaka hapa Ilazo hupata sura mpya, na kila mara kuna mtu ananivuta pembeni baada ya mazoezi na kuniuliza: "Dada, nikikaa siku moja bila kukimbia, si uzito utarudi?" Mwezi huu wameuliza wanne. Nimeona niwaandikie kwa kirefu, maana hofu hiyo niliwahi kuwa nayo na ikanilaza wiki sita.

Nilihamia Dodoma kikazi wakati wizara zinahamia. Dar es Salaam nilikuwa natembea bila kujua kwamba natembea: toka nyumbani hadi kituoni, kusimama kwenye daladala, kupanda ngazi za ofisi. Huku gari la watumishi lilinichukua karibu na mlango na kunishusha Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, karibu na mlango. Jioni nimechoka, naishi peke yangu, basi chipsi. Jumamosi mnadani Msalato, nyama choma na ndizi. Miaka miwili haikuisha nikawa na kilo 86, na nilipopimwa presha daktari aliniambia nianze kupunguza uzito kabla hajaanza kuniandikia vidonge.

Nikaanza kwa moto. Kilomita 5 kila alfajiri, Jumapili pia, hata siku za kipupwe ule upepo wa Dodoma unapokupiga vumbi usoni. Wiki ya kwanza zilishuka kilo 2, nikasema nimepata dawa. Wiki ya tatu ugoko wa kushoto ukaanza kuuma, sehemu moja tu, ningeweza kuionyesha kwa kidole. Nilichua kwa dawa, nikameza vidonge vya maumivu, nikaendelea, kwa sababu kila nilipofikiria kupumzika niliiona mizani. Wiki ya tano nilishindwa kushuka ngazi za nyumbani. Hospitali wakaniambia mfupa umeanza kupata ufa mdogo kwa kupigwapigwa bila nafasi ya kujiunga. Niliikimbia siku moja ya mapumziko, nikalipa siku 42.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza wakati ule ni hili: mazoezi yenyewe hayajengi mwili, yanauchosha. Ukikimbia au ukinyanyua vitu vizito, nyuzi za misuli hupata majeraha madogo, na ile akiba ya wanga iliyomo ndani ya misuli, inayoitwa glaikojeni, hupungua sana. Kujenga hufanyika baadaye, ukiwa umekula na kulala. Akiba hiyo huchukua siku 1 hadi 2 kujaa tena. Na viungo vyote haviendi mwendo mmoja. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Mifupa na kano zinataka miezi. Ndiyo maana wiki ya tatu ni wiki ya hatari kwa mgeni: pumzi inamwambia anaweza, na mguu bado hauwezi.

Sasa mizani, maana hapo ndipo wengi wenu mnapoumia moyo. Glaikojeni haikai misulini peke yake. Kila gramu moja hushika takriban gramu 3 za maji. Ukipumzika na ukala vizuri, akiba inajaa, maji yanaingia nayo, na asubuhi mizani inaweza kupanda kilo nzima. Msuli ulioumia nao huvuta maji wakati unajitibu. Hayo si mafuta. Ili mwili uweke kilo moja ya mafuta unahitaji kula takriban kilokalori 7,700 zaidi ya zile ulizotumia, na kwa wengi wetu hicho ni chakula chote cha siku tatu, juu ya kile ambacho tayari umekula. Hakuna anayefanya hivyo kwa kulala Jumapili moja. Ukweli huu una upande wake wa pili, nao nausema kwa upole kwa aliyefurahi wiki jana: zile kilo 2 za mwanzo sehemu kubwa zilikuwa maji pia. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, ukishatoka msalani na kabla ya chai. Mimi nilikuwa najipima kila asubuhi na mara nyingine jioni, na nilikuwa mtu wa huzuni.

Halafu tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonituliza. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anaunguza takriban kilokalori 400. Ugali uliopikwa kwa gramu 200 za unga wa mahindi, ambao wengi wetu tunaumaliza bila kufikiri, una kama 700 kabla ya mboga. Soda ya mililita 350 ina karibu 140, zote za sukari. Kwa hiyo siku ya kupumzika haina uwezo wa kukunenepesha yenyewe. Kinachonenepesha ni ile kauli ya "nimekimbia wiki nzima, leo siku yangu", na mara nyingi siku hiyo huangukia mnadani. Sitamwambia mtu aache Msalato, naipenda mno. Kula nyama yako na kachumbari ya kutosha, punguza chipsi, kunywa maji badala ya soda ya pili. Lakini usije ukafanya kosa la upande wa pili, la kushinda na njaa kwa sababu "leo sijakimbia". Siku hiyo ndiyo mwili unajitengeneza, na unahitaji vya kujitengenezea: maharage, mayai, dagaa, karanga, maziwa mgando. Ugali wa uwele kwa mlenda uko palepale, pima tu tonge lako.

Kupumzika siyo kulala mchana kutwa, ila kama hujalala vya kutosha wiki nzima, lala. Ukitaka kutembea hadi soko la Sabasaba, tembea. Fua, palilia bustani.

Ratiba ya mgeni ni hii, na naisisitiza hata kama unajisikia una nguvu za kufanya zaidi. Kimbia nasi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku zisizofuatana. Katikati, siku mbili, fanya mazoezi ya nguvu nyumbani kwa dakika 20: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za kuegemea ukutani kama za chini bado ngumu. Siku mbili zilizobaki usifanye chochote kinachokutoa jasho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Dakika 30 mara tano zinatosha kufika 150. Ukizijumlisha za kwetu na matembezi yako, umefika.

Hapa huwa naulizwa habari ya wakimbiaji wakubwa. Tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, jirani zetu kabisa, alipotwaa dhahabu ya maratoni ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde, vijana wengi wamekuja na moto. Nimefurahi nao, nililia siku ile. Lakini wanaposema "mbona wale hukimbia karibu kila siku", nawaomba wakumbuke kwamba miguu ya mkimbiaji wa kiwango kile imejengwa kwa miaka mingi, kwamba kilomita zake nyingi ni za taratibu, na kwamba mchana yeye hulala kwa sababu kulala ni sehemu ya kazi yake. Wewe ukitoka hapa unaoga unakimbilia ofisini kukaa saa nane.

Mjue pia kutofautisha maumivu. Misuli ya mapaja ikiuma miguu yote miwili, na ikauma zaidi siku ya pili, hasa tukishuka ule mteremko wa Chuo Kikuu cha Dodoma, hiyo ni kawaida. Kushuka kunaumiza misuli kuliko kupanda. Itaisha ndani ya siku chache. Maumivu ya mfupa, mahali pamoja, yanayozidi kila ukikimbia na ukiyabonyeza yanajibu, ni mengine. Simama siku hiyohiyo, usimeze kidonge ili umalize kilomita. Usingizi ukianza kukatika, au mapigo ya moyo asubuhi kabla hujaamka kitandani yakizidi ya kawaida yako kwa mapigo 7 hadi 10 siku kadhaa mfululizo, ongeza mapumziko. Dada zangu, hedhi ikipotea baada ya kuanza mazoezi na kubana chakula, msishangilie kwamba imewapunguzia usumbufu. Kama si mimba, huenda mwili umekosa nguvu za kutosha, na mifupa ndiyo inayolipa. Nendeni kwa daktari. Na yeyote ambaye mkojo wake utakuwa mweusi kama kola baada ya mazoezi makali, hospitali siku ileile, asingoje kesho. Wenye presha na sukari, natumaini mlishaongea na daktari kabla ya kununua raba. Kama bado, ongeeni naye wiki hii.

Mimi niliporudi baada ya wiki zile sita nilianza kwa kutembea, nikakimbia siku tatu kwa wiki, na ilinichukua miezi 14 kutoka 86 hadi 74. Katika miezi hiyo kulikuwa na wiki ambazo mizani haikusogea kabisa. Presha ilishuka mapema kuliko uzito.

Ombi langu moja ni kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila alfajiri watu wanatuma kilomita na hatua, na mgeni aliyepumzika ananyamaza kama aliyefanya kosa. Andika "leo nimepumzika" kama mwenzako anavyoandika kilomita 6. Mimi nitakuwa wa kwanza kesho Jumatano. Ninyi watatu mliokimbia kila siku tangu Alhamisi iliyopita, kesho nisiwaone barabarani. Tukutane keshokutwa, saa 11:30 alfajiri, na yule mwenye ugoko unaomuuma aje amevaa ndala, tutatembea naye.