Walimu wapya wa kitengo, acheni kidevu cha mtoto

Kila muhula wa BTP (mazoezi ya kufundisha) tunaletewa kwenye kitengo chetu cha watoto wenye usonji vijana wazuri, wamechomekea, maandalio ya somo yamepigiwa mistari kwa rula, na kila muhula lazima nimkute mmoja wao kamshika mtoto kidevu: "Niangalie nikiongea na wewe!" Juzi nimemkuta tena. Nikavumilia, nikaenda kunywa chai, narudi bado kidevu kimeshikwa. Ndiyo maana naandika.

Sitawaeleza usonji ni nini. Mmesoma chuo cha ualimu wa elimu maalumu Patandi au huko mlikotoka. Daktari Kanner na watoto wake 11 aliowaandika mwaka 1943 mnamjua, na mnajua kwamba DSM-5, ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, imeweka wazi mambo ya hisi ndani ya vigezo vya usonji. Mtihani mmefaulu. Shida inaanza mkifika darasani: mtoto akiziba masikio, mnasema ana kiburi.

1. Kidevu. Sisi sote tuliokulia uswahilini tumeshawahi kuulizwa, "Unanikodolea macho mimi, rika lako?" Tukafundishwa kuinamisha uso mbele ya mkubwa. Leo tunamlazimisha mtoto ambaye macho ya mtu yanamchosha kweli awe anatukodolea. Wengi wao wanasikia vizuri zaidi wakiangalia ukuta. Akitenda ulichomwambia, amesikia. Basi.

2. Kelele. Kabla hujaandika kwamba mtoto ana vurugu, nyamaza wewe kwanza usikilize hilo darasa. Pangaboi linagonga. Jenereta ya saluni ya jirani inaunguruma. Mtaa wa pili wana shughuli, singeli imeanza saa nne asubuhi. Halafu dogo wa zamu anagonga rimu la gari kwa nondo na wewe unashangaa mtoto kaingia chini ya meza. Tulikuwa na kijana mmoja ambaye kengele ya mapumziko ilikuwa inamharibia siku nzima. Hakuna tulichofanya cha ajabu, tulimwombea kwa mwalimu wa zamu awe anaigonga yeye. Siku za mwanzo aliigonga kwa kidole, hakuna aliyesikia, shule nzima ikachelewa chai. Baadaye akazoea, kwa sababu sasa alijua inalia saa ngapi na nani anailiza. Wingu likitanda, toa hedifoni za kuzuia kelele (zile za mafundi wa grenda zinafaa) kabla mvua haijafika kwenye bati. Asizivae kutwa, masikio yatazidi kuwa mepesi.

3. Sare mpya ifuliwe mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, lebo ya shingoni ikatwe, soksi zigeuzwe mshono utoke nje.

4. Chakula. Ugali usigusane na mchuzi, uji usiwe na mabuja, na usimshindilie mtu tonge. Anayekula chipsi kavu tu ana sababu zake. Unaanza na anachokubali, unasogeza kingine pembeni ya sahani, akinusa na kukiacha, hiyo nayo ni hatua.

5. Fomu ya ABC, ile ya kurekodi tabia. Hapa nitarefusha, mnivumilie, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niwe mkali hivi.

Tulikuwa na mtoto tuliyemwita Babu, kwa vile alitembea mikono nyuma kama mzee wa baraza. Hasemi. Mpole. Muhula mmoja akaanza kujipiga ngumi shavuni, hasa baada ya chai. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina, nimepata cheti, nina hamu. Nikafungua fomu: kabla ya tukio, tukio, baada ya tukio. Kila akijipiga, tunamkimbilia. Jibu likajileta lenyewe: anatafuta kuangaliwa. Nikaitisha kikao kidogo cha kitengo, tukakubaliana tumpuuze. Akijipiga, wote tunageukia ubaoni.

Akazidi. Nikawatuliza wenzangu kwamba vitabu vinasema tabia hupanda kabla ya kushuka. Vitabu vinasema hivyo kweli, na huo ndio ubaya wake, maana nilikuwa na jibu kwa kila dalili iliyonikataa. Nikachora grafu, nikaibandika ofisini. Mstari unapanda, mimi nasubiri ushuke.

Dada wa kazi aliyekuwa anamleta kwa daladala akanifuata getini. "Madam, siku hizi anatafunia upande mmoja. Na usiku anashuka kitandani, analaza shavu kwenye sakafu." Pale getini palikuwa na wazazi wengine. Nikamjibu wakisikia, "Dada, haya mambo ya kitaalamu tuachie sisi." Akasema sawa Madam, akaondoka.

Hakuninyamazia tu, alikwenda kumsumbua mama wa mtoto mpaka wakampeleka kwa daktari wa meno. Gego limeoza, chini yake usaha. Likang'olewa, akapewa dawa, kidonda kilipopona ngumi zikaisha. Mtoto alikuwa anatafuta ubaridi wa saruji usiku na mchana anatuomba msaada kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na sisi watu wazima wenye vyeti tumegeukia ubaoni kwa makubaliano ya kikao. Ile grafu niliyoibandika ilikuwa grafu ya maumivu ya jino, nimeichora kwa kalamu ya kijani.

Nilimwomba yule dada radhi, na nilifanya hivyo getini palepale. Akasema, "Mimi nilidhani mnajua, Madam." Hakuwa na kejeli hata kidogo. Angekuwa na kejeli ningepata nafuu.

Kwa hiyo kwenye kitengo changu, tabia ikibadilika ghafla, fomu inakaa kabatini kwanza. Angalia meno, masikio, tumbo, viatu. Uliza amepata choo lini. Choo kigumu kwa watoto hawa ni jambo la kawaida sana na kinaleta vituko usivyovitegemea. Hisi ya ndani ya mwili, ile inayokuambia una njaa, una mkojo, unaumwa wapi, kwa wengi wao inafika imechelewa au imekorogeka. Na anayemwogesha mtoto ndiye umuulize kwanza, hata kama hajui kuandika ripoti.

6. Anayerukaruka na kugonga ukuta kwa bega mpe kazi nzito. Ndoo ya maji nusu, rundo la madaftari alipeleke ofisini, unga wa chapati aukande. Misuli na viungo vikipata mzigo, wengi hutulia, na watu wa tiba kwa vitendo wanalijua hili tangu enzi za mwenzao Jean Ayres wa Marekani. Bibi zetu walikuwa na kinu na mchi, hawakuhitaji semina.

7. Safari. Usiwapandishe watoto kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni halafu uje unisimulie. Nendeni saa nne, picha za safari zipangwe kwa mfuatano, na mkipanda bajaji mwambieni dereva mapema asichepuke njia ya mkato, kwa sababu kuna mtoto anayejua kila kona na ataililia ile mliyoiacha. Abiria watasema "mchape huyo, mnamdekeza." Waitikie salamu, endelea na kazi yako.

8. Anayerudia maneno hayarudii bure. Mtoto wetu mmoja akichoka na hesabu husema, kwa sauti ileile ya basi, "Kituo kinachofuata, Magomeni Mapipa." Kijana mmoja wa BTP akawa anamjibu, "Hapana, hapa ni darasani." Mara ya kwanza nilicheka, baadaye nikakasirika. Mtoto amekuomba kwa adabu zote ateremke! Mpe kadi ya kupumzika, itaje, mwache apumzike, na siku nyingine atakuonyesha kadi.

9. Akilipuka, punguza maneno. Hakuna "unataka nini", hakuna "umeona sasa". Ondoa watazamaji, zima feni, kaa chini umbali wa mkono, linda kichwa chake. Mtoto anayedeka huchungulia kama unamwangalia. Huyu hachungulii, na akimaliza anaishiwa nguvu, kwa hiyo usimrudishe kwenye hesabu dakika ileile.

10. Mzazi akikuambia ameshampeleka kwenye maombi, au amemnywesha kombe, usibetue mdomo. Atakuficha mengine yote.

11. Kadi za picha. Nimezikata mwenyewe, nimezipigia laminesheni kwa hela yangu. Waliomaliza muhula uliopita wameondoka na ya "choo" na ya "bado kidogo". Hizo ndizo mbili tunazotumia kuliko zote. Aliyenazo azilete, aziache kwa mlinzi, sitauliza jina.