Jibu: Maji ya rangi za batiki na unga wa titani

Dada, umeuliza kama unga mweupe wa titani dioksidi, ukichanganywa na maji yako ya batiki na kuanikwa juani, utaondoa rangi kabla hujayamwaga mtaroni. Utaondoa, ila si ndani ya ndoo. Kinachouamsha unga ule ni mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, nayo ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, hata hili letu la Dar la saa saba. Maji meusi tii huizuia juujuu, huko chini unga umelala tu. Mimi nilijaribu hapa Mbagala kwa sinia pana, kina cha vidole viwili, maji nimeyazimua mara kumi, nakoroga kila nikipita. Jioni bluu ilibaki kama kivuli.

Shida yako kubwa ni magadi unayotia kwenye rangi. Kaboneti iliyomo kwenye magadi huzimeza zile chembe kali ambazo unga ukipata mwanga huzitoa na zinazoivunja rangi, kwa hiyo maji ya kwanza, yenye magadi mengi, yaweke kando, anza na ya suuza. Unga usiumwage: uache utuame usiku kucha, umimine maji ya juu polepole. Na yakishakuwa maangavu, usimwagilie mchicha.