Mahindi yanamwaga unga chini ya gunia: achana na vidonge, fanya hivi

Mkuu, umesema gunia zako mbili za mahindi ya Kibaigwa zimeanza kumwaga unga chini, maharage nayo yana matundu, na jirani kakwambia utumbukize vile vidonge vya kufukizia. Naanza na vidonge maana ndo vimenishtua. Usithubutu kuviweka kwenye nyumba mnayolala. Vikipata unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na ile gesi haichagui mdudu wala mtoto, inaua. Vile ni vya maghala, vinawekwa na watu waliofundishwa, stoo iliyopakana na chumba cha kulala sio ghala.

Sasa huo unga. Fukusi wa kawaida, yule mwenye kimdomo kirefu, hamwagi unga mwingi hivyo, huyo wako nahisi ni dumuzi, ndo yule wazee wa Tabora walimwita Skania miaka ya 80, katokea Amerika ya Kati huko na akikuta mahindi anayageuza unga kwelikweli.

Mimi nipo Dar na joto lote hili, nanunua mahindi ya mwaka mzima mwezi wa saba au wa nane bei ikiwa chini, na dawa sitii. Natumia ile mifuko ya PICS, wengine wanaiita kinga njaa, ina nailoni mbili nzito ndani na kiroba nje. Ilianzia kwenye kunde kule Cameroon, watu wa Chuo cha Purdue cha Marekani, ila mahindi na maharage inafanya kazi vilevile. Ujanja ni hewa tu: mdudu anapumua, oksijeni inaisha humo ndani, anaacha kula halafu anakufa. Kwahiyo ukiwa mtu wa kufungua kila Jumamosi kupima kilo mbili umeharibu kila kitu, toa ya mwezi mzima uweke kwenye ndoo, mfuko ufunge.

Kufunga ndo wengi wanakosea. Kwanza puliza nailoni uone kama inavuja, jaza mahindi huku unatikisa ili hewa itoke, acha nafasi ya kutosha juu, nailoni ya kwanza isokote mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje, funga na mpira wa tairi la baiskeli, ya pili hivyohivyo, ndo uje kiroba. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, panya akitoboa kazi yote imekwisha.

Lakini yote haya ni bure kama mahindi hayajakauka, tena mfuko usiopitisha hewa na mahindi mabichi unapata uvundo. Kipimo cha bure: chukua chupa ya kioo kavu, weka mahindi mpaka robo hivi, tia chumvi kavu kijiko kimoja viwili (chumvi ya Dar inalowana yenyewe, ipitishe kwenye kikaango kwanza ipoe), tikisa dakika kadhaa uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo rudisha juani, juu ya turubai sio chini kwenye udongo. Ikiteremka yote chini, funga.

Na punje zenye ukungu au zilizooza chambua utupe, usiseme utampa kuku. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haiishi kwa kupika hata ugali ukae jikoni saa nzima, Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa kwa hiyo kitu.

Kwa hizo gunia ulizonazo sasa hivi: pepeta zote, anika jua kali, zikishapoa kabisa ndo uingize kwenye mfuko. Wachache watakaobaki watakufa humo. Maharage kama ni debe moja tu hata mfuko hauhitaji, dumu la mafuta lililooshwa likakauka kabisa linatosha, lijaze mpaka mdomoni ukaze kifuniko.

Ah na unga, kama mnakula dona usisage gunia zima, kile kiini kina mafuta unga unachacha haraka, saga wa wiki mbili tatu. Ukitoka mashineni ni wa moto, utandaze kwenye sinia upoe kwanza, ukifunika ukiwa moto asubuhi unakuta mabonge. Mfuko ukiisha mahindi usiutupe, kama hauna tundu msimu ujao unatumika tena.