Ferrari 458 Italia: kuiendesha si shida, usukani ndio wa kuzoea

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyezoea gari za kawaida za otomatiki ataiweza 458 Italia. Ataiweza tu. Niliwahi kuikodi Maranello, mji wa Italia kilipo kiwanda cha Ferrari, wanakokodisha kwa dakika chache na msimamizi kakaa pembeni. Mjini inatembea kwa upole, klachi zake mbili zinajiendesha zenyewe.

Kazi iko kwenye usukani. Indiketa ni vitufe vya kubonyeza kwa kidole gumba, kwa hiyo ukifika kipilefti na usukani umeshaukata, unakitafuta cha kulia kumbe kimehamia chini. Halafu usukani ni mkali mno. Ukiukata kama ulivyozoea, pua imeshaingia kona wewe bado unajiandaa.

Utamu wenyewe unaanza juu huko. Ile V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 4.5 haina turbo, inapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika, na injini iko nyuma ya kisogo chako, kwa hiyo redio utaisahau. (Mimi sikuiwasha kabisa.)

Barabara ikiwa mbovu, kuna kitufe chenye alama ya shokapu, kibonyeze italainika. Kwenye matuta pita taratibu sana, bampa iko chini.